Kando ya Nani

Saa tano usiku, Isevya, umeme umerudi.
Nimo ndani ya folda ya picha za harusi ya Nyamizi,
kazi ya ushirika imo folda ya mizani,
nami mvivu wa kuhama.
Nikaandika: make -f ../mizani/Makefile safisha

Ikasoma sheria ya kule,
ikaitekeleza hapa.
Futa picha zote, sheria ilisema,
ikimaanisha michoro ya bei ya asali.
Akatoweka bibi harusi, na ngoma, na masinia ya wali.

Mama, akiwa Sikonge, aliwahi kunipigia:
"Kitambaa cha kuchujia kiko hapo kando."
Nikapekua kando yangu hadi adhana.
Kilikuwa kando yake.
Tangu hapo hutaja mahali kwanza:
ingia jikoni, chini ya meza, dumu la njano.
Haya, chuja.

Basi, make -C ../mizani safisha
Naingia mizani, inasema.
Inafagia.
Natoka mizani.
Sijainuka kitini.

Ila asubuhi nitakwenda Cheyo, kwa mguu,
nikamwambie Nyamizi
nikiwa palepale aliposimama.