Usitikisike

Miaka kumi na tisa Eelis Kuusniemi
alikuwa na neno moja kwa watu wa Tampere:
usitikisike.
Nyuma ya kisogo aliweka koleo la chuma,
na maharusi, makarani, watoto wa kipaimara
walimeza kikohozi, wakazuia pumzi,
wakawa mawe kwa muda wa nusu ya Baba Yetu.
Wafu ndio waliompa kazi nyepesi.

Kisha sanduku likaja kwa treni, limejaa majani makavu:
kamera yenye mkono wa kuzungusha.
Verneri, nduguye, akauliza,
"Umeuza lenzi ya marehemu baba
ununue kinu cha kahawa?"
Na kweli, usiku alijifunzia kwenye kinu cha jikoni,
mizunguko miwili kwa kila pigo la saa ya ukutani,
hadi mkewe akasema: basi, kahawa hii
tutainywa mpaka Pasaka.

Jumatatu, lango la kiwanda cha pamba.
King'ora. Theluji nyembamba.
Walitoka mia tatu,
wakamwona,
wakasimama.
Wakaweka sawa mitandio na kofia.
"Tembeeni!" alipiga kelele, mkono ukizunguka,
utepe ukila akiba yake yote,
"Nendeni makwenu, jamani, tembeeni!"
Hakuna aliyeinua mguu.
Alikuwa amewafunza vizuri mno.

Ukumbini kwa wazima moto shuka likalowanishwa, taa ikawashwa.
"Si picha tu," mtu akaguna, "ila kubwa."
Halafu wote kimya:
theluji ilikuwa inaanguka.
Inaanguka juu ya kofia zisizotikisika,
mvuke ukitoroka puani mwa watu,
na mwisho wa safu ya tatu Hilja Rantakari,
aliyezikwa Februari kwa maradhi ya kifua,
akashindwa kujizuia.
Mabega yakaruka mara mbili.
Alikohoa, bila sauti, mbele ya mji mzima.

Mama yake alingoja watu watoke.
Hakulia. Alifungua fundo la sarafu.
"Nikatie pale anapokohoa."

Eelis akamkatia shibiri moja ya utepe.
Mama akauinua kwenye taa, akapitisha kidole
picha hii, na hii, na hii,
kila moja ndogo kama ukucha,
na katika kila moja
Hilja ametulia.

"Mbona ameacha?" akauliza.