Paka Ana Safu

Nina miaka arobaini na miwili
na beji shingoni iliyoandikwa MWANAGENZI.
Jina langu halimo. Jioni namrudishia bawabu
kama mwavuli wa kuazima.

Miaka kumi na minne nilitunza vitabu vya kiwanda cha soksi
hapa hapa Nakuru, mpaka mashine zikapakiwa kwenye malori,
nasi tukapewa barua, na soksi pea sita sita.
Bado nazivaa.

Meneja wa hapa aliniambia, kwa upole, nakiri:
"Mama, tutakupa uzoefu."
Nikaitazama mikono yangu
nisione pa kuuweka mwingine.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Mimi jembe nililikuta mlangoni siku ya kwanza,
na zile siku mbili za kulishwa
bado nazidai.

Kutoka Kaptembwo natembea, viatu vya ofisi mkobani,
miguuni malapa.
Nikikaribia mjini nasimama kando ya ukuta,
nafuta vumbi, nabadilisha,
nageuka mtu aliyeshushwa na gari.

Msimamizi wangu ni Kibiwott, miaka ishirini na sita.
Juzi alifunga mlango, akaniuliza kwa sauti ya chini
namna ya kusawazisha hesabu za benki.
Nilimwonyesha. Akashika haraka, si mjinga.
Mwisho wa mwezi simu yake ikalia: mshahara.
Yangu ikalia pia:
Mama Nyaboke wa duka, kuhusu unga.

Mukhwana, mwanagenzi mwenzangu, ndio kwanza amemaliza chuo.
"Kwangu sawa tu, shangazi. Nalala kwa kaka, nakula kwake."
Sibishani naye.
Kwa anayelishwa, hii ni shule.
Kwa anayelisha, ni kodi.

Wala sikatai kujifunza.
Programu yao niliijua kwa siku nne.
Siku ya tano nilikuwa kazini.
Leo ni ya sitini na nane.

Sasa nisikilizeni, maana hili ndilo nilijualo:
vitabuni hakuna kiingiacho bila kutoka mahali.
Ukinunua ndoo, ama pesa imepungua
ama deni limezaliwa.
Shilingi haidondoki safu ya kushoto kama mvua.
Basi zile ankara mia tatu nilizozipanga,
yale malimbikizo ya miaka miwili niliyoyanyoosha
hadi macho yakaniwasha,
yameingia. Yametoka wapi?
Nimepekua upande wa kulia ukurasa kwa ukurasa.
Nimekuta maji ya chupa ya wageni.
Nimekuta maua ya mapokezi, elfu nne kila mwezi.
Nimekuta chakula cha paka afukuzaye panya stoo.

Paka ana safu.

Ijumaa wakaguzi walikuja,
wakafungua, wakafunga, wakanywa chai,
wakasema vitabu ni safi.
Kibiwott akanitazama kwa shukrani
kisha akageukia dirisha, akawa anaitazama Menengai
kana kwamba imehamishwa usiku.

Walipoondoka nilichukua penseli.
Katika ile leja ya karatasi ambayo meneja hataki kuiacha,
chini kabisa, kulia, nikaandika:
Bosibori Onsongo. Siku sitini na saba. Hazijalipwa.

Asubuhi hii nimekuta mtu ameyafuta,
vizuri, bila kuchafua; mkono wenye adabu.
Lakini mimi huandika kwa kukandamiza,
ndivyo tulivyofundishwa enzi za kaboni.
Pitisha kidole pale, utasoma.

Nimepitisha.
Kisha nikamwomba Mukhwana kalamu ya wino.