Nguzo za Kando

Wameniambia: punguza.
Nikakaa na mchoro hadi chai ikaota utando,
upepo wa Veyula ukitia vumbi jipya
kwenye barabara ambayo bado ni mistari.

Nikafuta nguzo mbili za kando.
Nondo zikapungua, saruji ikapungua,
hesabu ikalegea mabega kama mdeni aliyesamehewa.
Palipokuwa wazi nikajaza kifusi,
udongo mwekundu wa hapahapa,
hauagizwi bandarini, unazolewa tu.
Daraja likawa fupi. Nikalala.

Asubuhi, kwenye mambo tuliyopigilia,
Mama Nyemo akatua kapu la mlenda mkavu.
"Na mimi je, nipite wapi?"
"Uzunguke, mama. Mita mia nne."
Akazitazama zile mita mia nne
kama mtu anayetajiwa bei.

Nimerudi mezani.
Nimetoboa kifusi: kalavati moja,
kimo cha mwanamke na mzigo wake kichwani, asiiname.
Nusu ya akiba imekwenda.
Mhasibu Chilongani atauliza, ni gharama ya nini hii?
Fomu haina safu yake.
Nimeandika pembeni, kwa penseli:
miguu.