Neno la Herufi Tatu

"Daktari atakuona sasa," anasema karani,
na Hilda Oxtoby, miaka themanini na miwili,
anainuka na mkoba wake, akicheka puani:
aone yeye basi, maana mimi
uso wako, binti, ni shimo lenye nywele.

Katika lugha yao neno lenyewe ni dogo,
herufi tatu, mbili za mwisho pacha,
na ukilitamka usiku, taa imezimwa,
hakuna ajuaye umetaja kuona au bahari.
Pale kwake Withernsea bahari inamega shamba la kina Blenkin.
Bahari imeanzia ukingoni.
Jicho lake limeliwa kuanzia katikati.

"Unaona herufi gani?"
Anaona fremu ya ubao. Anaona msumari.
Anasema E, kwa kuwa mwaka jana ilikuwa E.

Mwaka wa sitini baba aliuliza, kisu cha siagi mkononi:
"Kuna mtu unayemwona?"
yaani, nani huyo anayekuchelewesha.
Akajibu simwoni mtu, wala hakusema uongo:
nyuma ya mnara wa taa kulikuwa giza totoro,
Wilf alikuwa viganja tu, na harufu ya dizeli.

Mama alipoambiwa yote alisema, "Naona,"
akaendelea kukunja shuka.
Naona ile haikuwa ya macho, wala ya kuelewa.
Ilikuwa komeo.

Naye alipozaa akarithi "Tutaona."
Baiskeli? Tutaona. Mbwa? Tutaona.
Watoto hawakosi kuijua hapana
hata ikivaa koti.

Wilf aliahidi ataliona lile bomba la jikoni,
maana yake atalitengeneza.
Na kweli aliliona, kila asubuhi, miezi saba,
tone, tone,
akinywa chai.

Hata kumsindikiza mtu mpaka aishilie
wao husema ni kumwona akienda.
Alimwona Wilf akienda, kule Hull, kitanda cha dirishani,
kiganja ndani ya kiganja,
yeye Hilda macho ameyafumba.

"Unaona, Bi Oxtoby," anaanza Daktari Ranasinghe,
kwa sauti ya mtu aliyebeba sahani iliyojaa hadi pomoni,
na Hilda, kwa adabu, anamngoja aiweke mezani.
Sindano hazitasaidia tena.
"Naona," anasema.
Anashtuka: sauti ni ya mama.

Basi la saa tisa na nusu. Dereva anamshika kiwiko.
"Tutaonana Alhamisi, mpenzi," kama amwambiavyo kila abiria.
"Tutaona," anajibu Hilda.

Anakaa upande wa kushoto.
Siku hizi akitaka kitu hutazama kando yake,
kama kuku.
Basi linapofika juu ya genge anainua uso mawinguni,
na chini, pembeni, shamba la kina Blenkin linajitokeza,
na ua wake wa waya umevuka ukingo,
nguzo tatu zikining'inia hewani,
bado zimefungwa vizuri.