Hesabu ya Mahamri

Khuleta, nipe katoni,
ile ya unga jikoni,
na kalamu mkononi,
nina jambo kukwambia.

Herufi za chuo changu,
alizonipa mamangu,
zisojua la Kizungu,
na kulia huanzia.

Walipokuja Langoni
vijana wa mafunzoni,
wakasema ukumbini:
"Wasosoma, huku njia."

Nikakaa na wenzangu,
Somoe, mwendani wangu,
nimeficha cheko langu,
kangani likatulia.

Walitufunza kwa haki
namba siri haitoki
hata kwa mume, rafiki,
wala aliyejitia

mhudumu wa laini,
apiga toka gizani:
"Umeshinda milioni,
tuma mia kuingia."

Hayo mema. Ya mikopo
wakapita papo hapo,
picha ukutani zipo
za hizo asilimia.

Asilimia si mtu,
haimo sokoni mwetu,
haipandi punda wetu,
vipi taikadiria?

Nawe, taa mkononi,
ukasoma; katonini
nikanakili kwa ndani
jumbe zilizosalia.

Alifu tatu ni deni.
Nikalipa, na juuni
mia nne na sitini,
jina "ada" wakatia.

Hamri moja, Khuleta,
faida ninayopata
ukitoa na mafuta,
shilingi mbili hungia.

Gawa, mwana, kwa makini:
mia mbili thelathini
hamri, moto wa kuni,
macho moshi yakilia,

nimempikia mtu
asokula kwetu kitu,
sura simjui katu,
wala hajanisifia!

Somoe anayo minne,
huu ulipe mwingine,
kiraka, tena kingine,
kanga ikaangamia.

Kampigia ya kwake
kwa kofia, kazi yake:
tano, na vidole vyake
sindano zikaingia.

Akanyamaza kitambo,
akauzima mtambo:
"Shoga, hilo ndilo jambo
hawakunifumbulia."

Nawe, kidole chepesi,
wabonyeza kwa upesi,
masharti huyagusi,
"Kubali" washindilia.

Siku ukitaka deni,
njoo ukae jikoni,
uyatie mafutani
mia mbili kutimia.

Mkono ukichomeka
na bado ukiutaka,
kopa; sitahamanika,
bei umeiridhia.

Rudisha sasa katoni:
la Lali halimo ndani,
hamri tisa za deni,
jana alinipitia.