Kisanduku cha Tano

Kadutu, Jumanne. Mvua imeondoka na umeme.
Tumekaa kwenye benchi la korido, mimi na karatasi za utafiti,
Fundi Zihalirwa na mfuko wa mkojo
alioufunika kwa kofia, kama mtu aliyebeba mayai.

Swali la kwanza: kabla ya kuwekewa mpira huu,
usiku uliamka mara ngapi?
Anatazama dirisha. Binti wa umri wangu
hamuulizi baba wa watu habari za choo.
"Andika saba," anasema. Kisha: "Hapana. Andika nyingi."

Ninamfungulia kitabu chetu cha picha, kurasa nane,
ili mgonjwa aelewe, achague mwenyewe.
Ukurasa wa tatu: kibofu, tezi, njia ya mkojo.
Anavaa miwani. Anaguna.

Miaka thelathini na mmoja aliunga mabomba ya mji huu,
kifudifudi topeni, mkono shimoni hadi kwapani,
akisikiliza kwa vidole mahali maji yalipokwama.
"Nani alichora hii? Koki haikai hapa.
Na hamkusema kitu kuhusu pampu.
Pampu ikisukuma ukuta mwaka mzima
inachoka, mama. Siku ukifungua bomba
maji hayaji."
Ananyang'anya kalamu yangu, anachora upya,
na mimi, mwenye diploma, ndipo ninapoelewa
kwa nini kungoja nako kuna bei.

Ninamwaga maharage kumi kwenye benchi.
(Asilimia hatuzitumii. Watu hapa
wamehesabiwa mno, na kila aliyewahesabu aliondoka.)
Hawa kumi wamepasuliwa. Huyu mmoja
anavuja kidogo, miezi kadhaa, anavaa kitambaa.
Hawa saba, usiku, na bibi zao,
raha ipo, lakini mbegu haitoki, inarudi kibofuni.
Nimelisema mbiombio,
kama anayevuka Ruzizi juu ya gogo moja.

Kimya. Anageuka hadi mwisho wa benchi,
alipo mkewe na termosi ya uji.
"M'Lushombo, umesikia?"
"Nimesikia. Watoto tisa tumezaa.
Mbegu irudi inakotaka.
Mimi ninataka ulale."

Nesi anapita na ndoo, anajifanya hakusikia,
mabega yake yanacheka.

"Daktari," ananiambia Fundi, "hakuniuliza.
Alisema: Alhamisi. Akatoka.
Nikabaki na Alhamisi mkononi
kama barua ya lugha nisiyoijua."

Fomu ina visanduku vinne:
dawa, mpira, kisu, kungoja.
Anavisoma kwa kidole, mara mbili.
Kisha chini yake anachora cha tano,
pembe zake sawasawa, kama anachimbia mita ya maji,
na ndani anaandika kwa herufi za zamani za misheni:
NIMEELEWA. NATAKA KUMSIKIA ALIYEPASULIWA.

Kumsikia akisema nini?
"Asiseme kitu. Akojoe."

Nilitafuta siku mbili. Nikampata Bwana Nshokano, wa Bagira,
mshona viatu, mwaka wa pili tangu kisu;
alicheka hadi akakohoa, akaomba nauli na chupa ya maji.
Waliamkuana kwa mikono miwili.
Nshokano akaingia, akafunga mlango wa bati.
Fundi akabaki nje, kichwa upande,
macho amefumba, kiganja juu ya bati.

Mimi na M'Lushombo tulitazama sakafu.
Utafiti wetu haukuwa na ukurasa wa jambo hili.

Maji yakaja. Yakaja marefu, bila kukatika,
yakagonga saruji kwa sauti ya mtu asiye na haraka.

"Presha nzuri," alisema Fundi Zihalirwa,
kwa uso ule, nadhani, aliokuwa akiinuka nao topeni.
Akachukua kofia yake, akaivaa kichwani;
mfuko ukabaki wazi mbele za watu.
"Hiyo Alhamisi," akaniuliza,
"ni hii, au naweza kuchukua ile nyingine?"

Maharage nilirudi nayo tisa.