Tola Tatu na Robo

Mizani ya babangu ilizoea dhahabu:
herini, vipini, jino la marehemu fulani.
Siku ile ilipima mti.

Mwero alifika Kibokoni kutoka Mikindani
na mishale mitano ndani ya leso kuukuu.
Uwindaji ulikuwa bado haujapigwa marufuku.
"Sonara, nipimie," akasema.
"Mkono wangu siku hizi waniambia uongo."

Mshale mrefu, kitanga kama kisahani cha kahawa.
Nikaufunga uzi wa kushonea kiunoni,
nikautundika. Ukawa unazunguka polepole
ukitafuta mtu wa kumwelekea.
Baba akahamisha kiti.

Wa kwanza, tola mbili kasorobo.
Tete kavu, kigumba cha bati.
"Huu huenda mbio kama umbeya.
Lakini upote hupiga kelele,
uta hutetemeka mpaka kwenye magego,
na paa akisikia huinama,
mshale ukampita juu ya mgongo."

"Na ukimpata?"

"Huingia kidole kimoja, akaondoka nao.
Ndugu yangu Ndurya alimfuata mmoja siku mbili.
Alirudi na majani yenye damu.
Majani tu."

Wa mwisho, tola tano.
Kigumba chake kilifuliwa kwa msumari wa reli.
Mwero akacheka mwenyewe:
"Huu, hatua thelathini, unajipanda chini kama muhogo."

Basi tukashughulika na ule wa tatu.
Nilizungusha waya wa shaba nyuma ya kigumba,
nikapunguza, nikaongeza,
nikihesabu kwa punje nyekundu za mturituri.
"Mbele, mwanangu, mbele.
Uzito ukikaa nyuma, mshale hutembea kilevi."

Jiwe la robo tola lilikuwa limepotea tangu Ramadhani.
Baba akafungua mtoto wa meza,
akatoa kikuku cha Bi Zeyana, kilichowekwa rehani,
akakilaza kwenye kitanga cha pili.

Ulimi wa mizani ukasita,
ukasimama wima.

Nyuma ya duka, uani,
palikuwa na gunia la makumbi.
Mwero alivuta mara moja.
Sikusikia upote.
Nilisikia gunia likishusha pumzi.

Ilitubidi kuutoa watu wawili,
baba ameshika gunia, mimi nimeshika mti,
na Mwero amesimama pembeni
akijitazama kiganja
kana kwamba kimesamehewa.

Tangu hapo nimetunga beti nyingi,
silabi zake nazihesabu kwa vidole kama wenzangu.
Zile za mbio zilishangiliwa harusini
zikawapita watu juu ya mgongo.
Moja tu, nadhani, iliwahi kuingia,
na aliyeipokea hakusema neno,
alitafuta viatu vyake akatoka.

Kikuku kilikombolewa Ijumaa.
Bi Zeyana alikivaa palepale dukani,
akashusha mkono,
akautazama.